Nondo Katika Kasha la Mama Epp

Mama mkwe wangu Epp alikuwa tayari kufa tangu siku nilipoolewa, wala sisemi kwa mzaha. Siku ya kwanza nilipoingia nyumbani kwake hapa kisiwani Kihnu, mkoba wangu bado uko mkononi, alinionyesha jiko, kisha choo, kisha kasha lake la nguo za kuzikiwa.

"Hili la safari," alisema akiligonga kifuniko. "Kila kitu kimo. Nikifa usije ukanivalisha vigauni vyenu vya dukani. Na kabla sijafa, usiliguse."

Nilishikwa na butwaa hata nikasahau kuvua viatu. Kwetu Pärnu, mji wa bara, mgeni hupewa kahawa kwanza. Nilimtazama mume wangu, Aivar, nikidhani ataniambia mama yake anatania. Yeye alikuwa anatafuta mkate.

Baadaye nilizoea. Wanawake wa kisiwa hiki hujiandalia nguo zao za mwisho wakiwa bado na nguvu: sketi ya sufu, shali, soksi, na glavu za kuwapa wachimba kaburi. Salme, jirani yetu, alizitoa zake kila theluji ilipoyeyuka, akazikung'uta, akazianika uani karibu na njia ili kila apitaye aone ushonaji wake. Mama Epp hakuwahi kufungua kasha lake hata mara moja. Ufunguo aliufunga kiunoni kwa uzi, akalala nao, akaoga nao.

"Mbona Salme anaanika zake?" nilimuuliza.

"Salme anapenda kuonwa. Mimi nikilifungua kabla ya siku yangu, nitakuwa nimemwita."

"Umemwita nani, mama?"

"Usijitie ujinga, mkwe."

Sasa nimseme alivyokuwa, maana ukisikia habari ya kasha utadhani alikuwa bibi wa kukaa dirishani na kuguna. Hata kidogo. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye mikono ya kukaza kamba, na aliendesha pikipiki yenye kitoroli ubavuni kwa mwendo wa kukimbiza kuku wa kijiji kizima. Alitia samaki chumvi miaka yote ya ujana wake. Mumewe, Jaan, alizama pale barafu ya bahari ilipopasuka chini ya farasi na gari lake, Aivar akiwa bado hajaanza shule, na Epp akamlea peke yake.

Tangu siku ile alivaa giza. Hapa sketi hutoa habari kabla ya mdomo. Mwenye furaha huvaa nyekundu yenye mistari. Akifiwa, hugeukia nyeusi na buluu. Miaka ikipita, kila anapofuma sketi mpya huongeza mstari mmoja mwekundu, na mwingine, mpaka siku moja kijiji kinaona kwamba amerudi. Mama Epp hakurudi. Nilimkuta katika nyeusi na buluu, na miaka ishirini baadaye alikuwa bado humo humo. Mimi mwenyewe huvaa suruali, na wanangu ni wa kiume. Kwa hiyo katika nyumba yetu hapakuwa na uzi mwekundu hata wa kufungia kifungo. Kumbuka hilo.

Mwaka ninaousimulia, alianza kujishika ubavu. Alisema ni gesi. Alipoanguka karibu na banda la samaki, Aivar alimbeba mpaka kwenye feri, naye akimpiga ngumi za mgongo njia nzima. Hospitalini Pärnu daktari kijana alituambia wazi: ana uvimbe tumboni, unaweza kutolewa, lakini usingojewe. Utolewe kabla bahari haijaganda na feri kusimama. Ukiachwa mpaka majira ya kuchipua, hakutakuwa na la kufanya.

Mama Epp alimsikiliza kwa adabu, mikono mapajani.

"Asante, mwanangu," akasema. "Lakini kasha langu limejaa."

Daktari alinigeukia nimfasirie. Nilihisi kama mtu kanimwagia ndoo ya maji ya baridi, maana nilielewa papo hapo kwamba bibi huyu hababaiki wala haogopi kisu. Yuko tayari, basi, na kwa mtu aliye tayari daktari ni msumbufu tu. Kwenye feri ya kurudi, Aivar alijificha nyuma ya gari la mizigo akalia kama mtoto. Mama yake alikula mkate wake wa samaki wa moshi, akakung'uta makombo, akaniuliza kwa nini siku hizi natia chumvi kidogo.

Tulimbembeleza majira yote ya joto. Aivar alimlilia, akamfokea, akamnunia. Jibu lilikuwa lile lile: kasha limejaa, msinichoshe.

Ndipo walipoanza nondo.

Kwanza ilikuwa fulana nzito ya sufu ya Aivar, ile aliyofumiwa na mama yake. Alipoivaa, kiwiko kilitokeza kwenye tundu la kupita kidole, na tundu jingine, na mengine kifuani. Kisha blanketi. Kisha soksi zangu za baridi, kisigino kimeliwa hadi kimebaki wavu. Mama Epp alisimama katikati ya chumba akanielekezea kidole.

"Umewaleta na mkoba wako wa bara!"

"Mama, mkoba ule nilikuja nao miaka ishirini iliyopita."

"Wana subira, wadudu wa bara."

Kila jioni alisimama chini ya taa na taulo, akiwapiga vipepeo wadogo wa kijivu waliozunguka mwanga, akitukana kwa kila pigo. Aliua wengi. Matundu yakaongezeka. Siku moja nilifungua debe la unga wa shayiri nikakuta nyuzinyuzi na funza wanaogaagaa, nikajua hawa wa taa walikuwa wa unga, maskini ya Mungu, na hawajawahi kugusa soksi ya mtu. Marehemu shangazi yangu alikuwa fundi cherehani, na alinifundisha jambo moja ambalo sikulifikiria hadi siku ile. Nondo wa nguo hapendi taa. Ukiinua nguo yeye hukimbia kwa miguu kutafuta mkunjo. Na huyo anayekimbia hana hata kinywa cha kulia. Wanaokula ni watoto wake, viwavi weupe wadogo wasiozidi punje ya mchele.

Niliinua shali jeusi la mama mkwe kwenye msumari wake. Kitu cha rangi ya nyasi kavu, kidogo sana, kikatimka mbio kikazama kwenye mkunjo wa chini. Wiki zote zile tulikuwa tunaua wasiohusika.

Basi nikaanza kazi. Niliosha kinachooshwa. Visivyooshwa nilivitundika ndani ya sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, bila kumwaga maji, nikachochea moto hadi msumari ukaunguza kidole. Nilipiga brashi kila pindo, kwa kuwa mayai hujificha kwenye mshono, na hasa penye jasho na mafuta ya chakula, kwani sufu chafu ndiyo tamu kwao. Nilifagia kila ufa wa sakafu. Kwa wiki chache nyumba ilinyamaza. Halafu nikaona matundu mapya kwenye shali nililolisafisha kwa mikono yangu mwenyewe, na nikajua wana makao mahali ambapo sijafika.

Sikuwa nimefika mahali pamoja tu.

Nilipiga magoti nyuma ya kasha nikiwa na tochi. Kwenye ufa kati ya ubao na ukuta kulikuwa na kiwavi anayetembea, amevaa kimfuko chake. Viwavi hawa hujifumia nyumba kwa nyuzi za kile wanachokula, na hata kinyesi chao, kama chembe za mchanga, hutoka na rangi ya nguo. Nilishawaona wenye vimfuko vyeusi. Nilishawaona wenye vya buluu.

Huyu alikuwa mwekundu.

Nilidhani macho yamenidanganya. Nikamulika ufa wote. Ulikuwa umejaa mchanga mwekundu, kama mtu kapitia na tofali akalisaga. Nilikaa sakafuni nikihesabu nguo za nyumba nzima kichwani, na sikupata nyekundu hata moja.

Mama Epp alikuwa jikoni akimenya viazi. Salme alikuwa amekuja kuazima ungo na, kama kawaida yake, amekaa.

"Mama," nikasema, "ndani ya kasha kuna kitu chekundu?"

Kisu kilisimama. Sikuwahi kumwona mama mkwe wangu akibadilika rangi, hata kwa yule daktari. Sasa alikuwa mweupe kama viazi vilivyokuwa mbele yake.

"Nani kakuambia?"

"Nondo."

Salme aliachia mdomo wazi. "Nyekundu? Shoga, wewe? Ulituambia unakwenda na nyeusi!"

"Salme, ungo umeshaupata," alisema mama Epp. "Nenda."

"Siendi popote," alisema Salme, na akasogeza kiti.

Nilimweka yule kiwavi kwenye kiganja cha mama mkwe. Alikisogeza kiganja dirishani. Alitazama kile kimfuko kwa muda mrefu, akakigeuza na ncha ya ukucha.

"Hii rangi niliichemsha mimi," akasema taratibu. "Mizizi nilichimba mwenyewe. Hakuna mwingine aliyepata wekundu huu." Kisha akapandisha sauti hadi paka akakimbia: "Aivar! Njoo unisaidie kuinama!"

Aliufungua mwenyewe ule uzi wa kiunoni. Ufunguo uligoma, Aivar akautia mafuta. Kifuniko kilipoinuka, harufu ya vumbi la zamani ilitupiga usoni, na kitu cha rangi ya nyasi kavu kilitawanyika kwenye kingo. Walikuwa wao, wanakimbia. Hawakuruka. Walikimbia kwa mamia kuingia chini, na sauti yao, haki ya Mungu, ilisikika.

Juu kabisa ililala sketi. Nyekundu, nyekundu tupu ya mwari, yenye mistari myembamba ya kijani, imekunjwa vizuri, nzima kabisa kwa macho. Salme alisema, "Ah, nzuri." Mama Epp aliingiza mikono chini yake akaiinua.

Haikuinuka. Mikono yake ilipanda na mshipi wa kiunoni tu, uliokuwa wa pamba, na sketi yote ikabaki chini, ikamwagika kama makapi. Nilijikuta nimeziba mdomo. Alichukua glavu, kidole chake kikatokea upande wa pili. Akachukua nyingine. Soksi. Shali. Kila alichogusa kilimvunjikia mkononi, na kila mara aligeuka kututazama, kana kwamba mmoja wetu angeweza kumweleza. Kilichobaki kizima kilikuwa shimizi ya kitani pekee. Kitani hawali.

Aivar alikuwa amesimama kama gogo. Nilifikiri: mama atakufa sasa hivi, hapa hapa, mbele ya Salme.

"Niliifuma majira ya baridi ya kwanza, baada ya Jaan," alisema mama Epp, hamwambii mtu. "Alinioa katika nyekundu. Nilisema nitavumilia giza lote la huku, halafu nitakwenda kwake kama alivyoniacha. Na sasa nitakwenda na nini?" Aliinua ile shimizi kwa vidole viwili. "Na hii?"

Alikaa kwenye ukingo wa kasha akiwa na mshipi mtupu mapajani. Nje kuku walikuwa wanapigana. Hatimaye alipangusa pua kwa kiganja.

"Aivar. Mpigie simu yule mtoto wa Pärnu."

"Mtoto gani, mama?"

"Yule mwenye kisu. Mwambie kasha halijajaa."

Aivar hakuelewa upesi. Mimi nilielewa, nikakaa sakafuni katikati ya mchanga mwekundu. Miezi tulimwomba kwa machozi hakutusikia, na leo viwavi wamemshinda hoja. Nilicheka kama kichaa. Salme alinipiga kofi la bega akidhani nimepandwa na kitu.

Tulizichoma moto nguo zilizoliwa. Kasha tulilitia sauna, tukalifuta kwa maji ya moto na sabuni kila kona. Shali moja la chini kabisa, lililokuwa na matundu machache, Mama Epp alikataa lichomwe, kwa hiyo nililifunga kwenye mfuko wa plastiki nikalitia kwenye friza la samaki likae na baridi mpaka mayai yafe. Nilisahau kumwambia Aivar. Alikwenda kutafuta samaki wa chakula cha jioni, akatoka na shali la kuzikiwa la mama yake, na yowe alilopiga lilimleta Salme mbio na ungo mkononi.

Walimpasua kabla bahari haijaganda. Uvimbe ulitoka wote. Alirudi na feri ya mwisho mwisho, amekonda, mkali kuliko alivyokwenda, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama kondoo wamekatwa manyoya.

Majira yote ya baridi alisokota na kufuma. Nilimchemshia mizizi, akanitukana kwa kila chungu: iliyofifia, ya matofali, ya damu ya nguruwe. Chungu cha mwisho alikitazama akanyamaza, nikajua tumeipata. Alifuma sketi. Alifuma glavu, jozi baada ya jozi. Theluji ilipoyeyuka kila kitu kilikuwa tayari, kimekunjwa kitandani, na tulingoja akifungie. Aivar hakulala vizuri siku zile. Alihofia kwamba kasha likijaa tena, mama yake atajilaza tena.

Siku ya Mtakatifu Yohana, ambayo hapa, kwa kuwa Yohana kwetu huitwa Jaan, ni siku ya kina Jaan wote, walio hai na wasio hai, tulikuwa tumeshafika kwenye moto wa kijiji tulipoisikia pikipiki. Watu walisogeza watoto. Mama Epp alisimama katikati ya uwanja, akashuka. Alikuwa amevaa nyekundu. Bibi wa miaka themanini na kitu, mjane wa tangu enzi, nyekundu tupu ya mwari, na mwanga wa moto ukiizidisha. Mpiga akodiani alikosea, akaacha.

"Epp!" Salme alinong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka ufukweni. "Si ndizo za kufia hizo?"

"Ndizo."

"Na umezivaa!"

"Nondo hakai kwenye nguo inayotikiswa. Muulize mkwe wangu. Mimi nimewalisha vya kutosha."

Kisha alifungua kitoroli, akatoa glavu, akamwendea Kaljo, mchimba kaburi, aliyekuwa amekaa na bia yake na wenzake. Akamtupia jozi mapajani. Kaljo aliruka kama kaangukiwa na kaa la moto.

"Bi Epp! Wewe hujafa!"

"Nimeona. Vaa nizitazame kama zinakutosha."

"Hizi mtu hapewi na aliye hai! Ni mkosi!"

"Mkosi ni kuchimbiwa na mtu wa mikono baridi, atanichimbia kaburi fupi. Vaa!"

Alivaa. Wenzake nao walivaa, mmoja mmoja, wamekodoa macho kama watoto wanaochanjwa. Zilikuwa zimewatosha. Mama Epp alimshika Aivar mkono akamwambia mpiga akodiani kwamba halipwi kwa kutazama.

Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Sketi ile aliivaa dukani, kanisani, hata kwenye kutia samaki chumvi, nikawa naipiga brashi na kuifua kwa maji vuguvugu, naye akinigombeza kwamba namaliza rangi. Alifariki mwezi wa tatu, usingizini, ardhi ikiwa ngumu kama chuma.

Nilifungua kasha ili nimvalishe. Ndani kulikuwa na vitunguu. Tulimvalisha sketi ile ile aliyokuwa akiivaa, yenye doa la supu ya bitiruti mbele. Nilitaka kulitoa, Aivar akasema liache. Ndipo nikakumbuka wachimba kaburi. Sikuwa na hata jozi moja ya kuwapa. Kuzika mtu hapa bila glavu ni aibu isiyofutika. Nilitoka mbio bila koti hadi makaburini, kuwaomba radhi kabla hawajaanza.

Walikuwa wameshafika kiunoni. Kaljo alisimama akaegemea sururu.

"Kaljo, nisamehe," nikasema nikihema. "Kasha lilikuwa na vitunguu tu. Sina cha kuwapa."

Aliinua mkono. Alikuwa amevaa glavu kuukuu, zimelainika kwa kazi, na dole gumba limetiwa kiraka kwa uzi mwekundu. Niliwatazama wengine shimoni. Wote walikuwa wamezivaa.

"Hiki kiraka alinitilia wakati wa Krismasi," alisema Kaljo. "Alisema asinione nazo zimetoboka siku ya siku." Akajifuta pua kwa ile glavu, akainama, akaendelea kuchimba.